Mganga Hajigangi

Ndugu msomaji, wahenga waliponena kwamba mganga hajigangi, hawakukusudia kumcheka mganga. Walikuwa wakitaja jambo la kweli juu ya binadamu sote, yaani kwamba jicho lionalo kila kitu halijioni lenyewe. Leo nataka tuitumie methali hiyo kuzungumzia waganga wa aina moja, ambao kazi yao ni kunyoosha migongo ya watu, na ambao wengi wao, baada ya kunyoosha migongo ya wenzao kwa miaka kadhaa, hugundua kwamba hesabu zao wenyewe ndizo zilizopinda.

Waganga hao ni matabibu wa kairopraktiki. Makao yao makuu ni Marekani, ambako wako makumi ya maelfu, na kazi yao hufuata leseni na sheria. Hawatoi dawa wala hawapasui. Hutumia mikono kubonyeza na kurekebisha pingili za uti wa mgongo, na baadhi yao huongeza mazoezi ya viungo na mashauri juu ya namna ya kukaa, kulala na kuinua mzigo.

Pengine utauliza: yatuhusu nini mambo ya waganga wa Marekani, sisi tunaoamka alfajiri kugombania basi? Yanatuhusu kwa mambo mawili. La kwanza ni mgongo wenyewe, kwa maana hakuna nyumba isiyokuwa na mtu anayelalamika mgongo: fundi cherehani aliyeinama tangu asubuhi, mchukuzi wa mizigo sokoni, dereva, karani aliyekodolea macho kompyuta, na mama aliyebeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba idadi hiyo inakisiwa kufikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. La pili ni kwamba kila mwenye ufundi wake, awe kinyozi, seremala au mshonaji, anaweza kuona sura yake katika kioo cha tabibu huyu ninayetaka kukusimulia.

KAZI ILIYOZALIWA NJE YA HOSPITALI

Kazi hii ina siku yake ya kuzaliwa, jambo ambalo si kazi nyingi zinaweza kujivunia. Tarehe 18 Septemba 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, kando ya mto Mississippi, mtu mmoja aitwaye Daniel David Palmer alibonyeza pingili ya mgongo wa Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi katika jengo hilo, ambaye masikio yake yalikuwa mazito. Palmer, mzaliwa wa Kanada, hakuwa daktari. Alikuwa akitibu kwa kile alichokiamini kuwa nguvu ya sumaku iliyomo mikononi. Baada ya siku ile alitangaza kwamba Lillard amesikia. Sayansi ya leo haikubali kwamba uziwi huponywa kwa kubonyeza mgongo, lakini madai hayo ndiyo yaliyoanzisha safari. Rafiki yake, kasisi Samuel Weed, akampa jina la kazi hiyo kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya jambo litendwalo kwa mkono. Mwaka 1897 Palmer akafungua shule, na mwaka 1906 akatiwa jela kwa kutibu bila leseni.

Kufungwa kwake hakukuwa jambo la ajabu. Waliomfuata walipita njia hiyo hiyo miaka mingi. Jimbo la kwanza kutunga sheria ya kuwatambua lilikuwa Kansas mwaka 1913, na la mwisho lilikuwa Louisiana mwaka 1974. Hesabu mwenyewe, msomaji: ni miaka 61 tangu mlango wa kwanza kufunguliwa hata wa mwisho. Kwa muda huo wote madaktari wa hospitali waliwatazama kwa jicho la shaka. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliunda kamati mwaka 1963 ya kupambana na utapeli wa tiba, nayo kamati hiyo iliwalenga hasa matabibu hawa. Mwaka 1976 tabibu mmoja, Chester Wilk, pamoja na wenzake wakakishitaki chama hicho. Shauri likachukua miaka 11, na mwaka 1987 Jaji Susan Getzendanner akaamua kwamba chama hicho kilivunja sheria ya ushindani kwa kuwazuia madaktari wasishirikiane na watu wa kairopraktiki.

Nakueleza historia hii kwa sababu ndiyo inayofafanua shida yao. Daktari wa hospitali hupelekewa wagonjwa, na aghalabu mshahara wake hauulizi ni wangapi waliorudi. Tabibu wa kairopraktiki hakuwa na hospitali ya kumpelekea mtu. Alipanga chumba, akabandika kibao mlangoni, akakaa kungoja. Asipokuja mtu, hali. Kwa hiyo tangu awali ilimbidi ajifunze kazi mbili kwa pamoja: kazi ya mkono na kazi ya kuendesha duka.

ELIMU ISIYOFUNDISHWA CHUONI

Kijana wa leo anayetaka kazi hii hutumia miaka ya chuo kwanza, kisha takriban miaka mingine 4 ya kairopraktiki yenyewe. Hujifunza mifupa, misuli na mishipa ya fahamu, husoma picha za eksirei, hufanya mazoezi ya kutibu chini ya usimamizi, na hukalia mitihani ya kitaifa. Siku anapopewa shahada yake huwa anajua majina ya pingili zote za uti wa mgongo. Lakini mara nyingi hajui namna ya kukokotoa gharama za mwezi, wala namna ya kumhoji karani anayetaka kumwajiri, wala la kufanya bima inapokataa kulipa. Na juu ya hayo ana deni la masomo, ambalo si ajabu kupita dola 100,000.

Hapo ndipo alipoingia mtu wa tatu, ambaye si mganga wala mgonjwa: mshauri wa kazi. Mwaka 1951 tabibu James Parker, wa mji wa Fort Worth katika Texas, alianzisha semina za kuwafundisha matabibu wenzake namna ya kuendesha kliniki. Semina hizo zikakua, na mwaka 1982 chuo cha kairopraktiki chenye jina lake kikafunguliwa katika jimbo hilo hilo. Tangu wakati wake washauri wamekuwa wengi. Leo huitwa makocha, na malipo yao huwa ya kila mwezi. Baadhi ni matabibu waliostaafu, na wengine ni watu wa biashara.

Neno kocha tunalijua kutokana na mpira. Kocha hapigi penalti. Pengine umri wake umepita hata wa kukimbia nusu ya uwanja. Lakini anasimama pembeni, na aliyesimama pembeni huona nafasi iliyo wazi ambayo mchezaji, kwa vumbi na jasho, haioni. Hiyo ndiyo kazi yake kwa tabibu pia: hafundishi kubonyeza mgongo, bali hutazama mambo yanayouzunguka mgongo ule.

HESABU YA TABIBU MMOJA

Na tuchukue mfano wa kubuni, ili jambo lieleweke. Tabibu wetu anapokea wagonjwa wapya 30 kila mwezi. Malipo ni dola 50 kwa kila hudhurio. Akijumlisha mwisho wa mwezi, anaona mahudhurio 120, yaani dola 6,000. Lakini kodi ya chumba, mshahara wa karani, bima, umeme na deni la masomo hufika dola 7,000. Kila mwezi anazama kwa dola 1,000.

Ukimwuliza afanyeje, atasema atangaze. Anatoa dola 1,000 kwa matangazo, anapata wagonjwa wapya 5, nao wanahudhuria mara 4 kila mmoja. Jumla ni mahudhurio 20, sawa na dola 1,000. Amechoka zaidi, ametabasamu zaidi, na amebaki palepale alipokuwa.

Sasa anakuja kocha mwema. Haulizi habari ya matangazo. Anaomba daftari, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Anachambua wale wagonjwa 30 jina baada ya jina, na anakuta kwamba 20 kati yao walihudhuria mara 5, wakapata nafuu, wakaenda zao. Hiyo ni 100. Wale 10 waliobaki walikuja mara 2 tu, wakatoweka. Hiyo ni 20. Kocha anauliza: hawa 10 walipona? Tabibu hajui. Walihama? Hajui. Kuna aliyewapigia simu? Hakuna.

Kocha anakaa kwenye chumba cha mapokezi siku nzima, kama mgonjwa miongoni mwa wagonjwa. Anaona simu inalia mara saba bila kupokewa, kwa kuwa karani ni mmoja, naye yuko katikati ya kupokea fedha. Anaona mzee aliyepewa miadi ya saa nne akiitwa saa tano kasoro dakika kumi. Anamsikia tabibu akimweleza mgonjwa maradhi yake kwa maneno ya kitabuni, na mgonjwa akiitikia kwa kichwa kama mtoto asiyelielewa somo lakini anaogopa kuuliza. Mgonjwa yule anatoka bila kujua anaumwa nini, atakuja mara ngapi, wala ataagwa lini. Je, ni ajabu asiporudi?

Marekebisho yanakuwa madogo. Karani anafundishwa kusalimu kwanza na kudai fedha baadaye. Miadi inapangwa kwa kadiri ya muda ambao kazi inachukua kwa kweli, si kwa matumaini. Tabibu anazoezwa kusema mambo matano kwa lugha ya nyumbani: nimekuona na hili, nitakufanyia hili, nadhani itachukua mara kadhaa, tutapima baada ya majuma mawili kama kuna nafuu, na wewe nyumbani fanya zoezi hili. Asiyefika kwa miadi anapigiwa simu jioni ile ile, si kwa kukaripiwa, bali kuulizwa hali. Kama amepona, anapongezwa na jina lake linafungwa kwenye daftari.

Wale 10 wakimaliza matibabu yao kama wenzao, yaani mara 5 kila mmoja, mahudhurio yanaongezeka kwa 30. Jumla inakuwa 150, sawa na dola 7,500. Kliniki imevuka mto bila kubandika tangazo hata moja, na watu 10 ambao wangebaki na maumivu wamehudumiwa hadi mwisho. Hapa faida ya mganga na faida ya mgonjwa zimelala kitanda kimoja. Ndiyo maana nasema kocha mwema ni rafiki wa pande zote mbili.

Liko na suala la bima. Tangu sheria ya mwaka 1972, mpango wa serikali ya Marekani wa kuwatibu wazee, uitwao Medicare, hulipia kazi ya kairopraktiki, lakini hulipia jambo moja tu: kurekebisha uti wa mgongo kwa mkono. Haulipii picha za eksirei alizoagiza tabibu huyo, wala haulipii huduma ya kumtunza tu mtu ambaye hali yake haitarajiwi tena kuboreka. Tabibu asiyeandika vizuri alichokiona na alichokifanya hunyimwa malipo hata kwa kazi ya haki. Kocha anayemfundisha kuandika kumbukumbu kamili anamlinda na hasara na pia na mashitaka.

Na liko suala la ujirani mwema. Mwaka 2017 Chuo cha Madaktari cha Marekani, yaani jumuiya ya madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani, kilitoa mwongozo kwamba mwenye maumivu ya mgongo aanze na njia zisizo za dawa, na kurekebisha uti wa mgongo kwa mkono kumo katika orodha ya njia hizo, pamoja na kukandwa na joto. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani nalo likatoa mwongozo juu ya maumivu ya mgongo ya muda mrefu, likaitaja njia hiyo miongoni mwa zinazoweza kusaidia, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Mlango uliofungwa miaka mingi umefunguka. Kocha mwenye akili humwambia tabibu aache kupiga kelele barabarani, badala yake awaandikie madaktari wa mtaani barua ya adabu juu ya kila mgonjwa wanayeshirikiana naye, na asione haya kumrudisha hospitali yule asiyemuweza.

UPANGA WENYE MAKALI KUWILI

Hadi hapa, msomaji, ungeweza kudhani kwamba nawapigia debe makocha. La hasha. Maana ile hesabu niliyokuonyesha ina upande wake wa giza, na upande huo ndio ulionifanya nichukue kalamu.

Kocha wa pili anaweza kulitazama daftari lile lile akaona jambo tofauti kabisa. Anaona kwamba kila mgonjwa huja wastani wa mara 4, naye hasemi, tuulize kwa nini kumi walikatisha. Anasema, mbona nne, kwa nini zisiwe arobaini? Anamfundisha tabibu kumpiga kila mgonjwa picha, kumwonyesha mstari uliopinda kidogo, kunyamaza kwa muda ili hofu iingie, kisha kumletea mkataba wa mahudhurio 40 wa kulipiwa kabla. Kwa dola 50 kila moja, hiyo ni dola 2,000. Anamfundisha pia kusema, mlete na mkeo, mlete na watoto. Mtu aliyeingia na maumivu ya juma moja, ambayo kwa kawaida yangepungua yenyewe kadiri siku zinavyopita, anatoka na deni la mwaka mzima na woga wa maisha.

Kliniki hiyo nayo itasitawi. Kiti cha mapokezi kitabadilishwa, gari la tabibu litakuwa jipya, na kocha atampandisha jukwaani ili wengine wamwige. Lakini hapo faida haikutoka katika uponyaji. Imetoka katika hofu ya mtu anayeumwa, na hakuna mtu mnyonge zaidi mbele ya muuzaji kuliko mtu anayeumwa.

Jambo hili si geni katika historia ya kazi hii. Mwaka 1924 Bartlett Joshua Palmer, mwana wa mwanzilishi, aliyekuwa mkuu wa shule ya Davenport na msemaji hodari asiye na mfano, alileta chombo cha kupima joto kandokando ya uti wa mgongo, akakiita Neurocalometer. Hakukiuza. Alikikodisha kwa bei kubwa, akawatangazia wanafunzi wake wa zamani kwamba bila chombo hicho kazi yao si kamili. Wengi waliona kwamba sasa wanafanywa shamba la kuvunwa. Wafuasi wakamwacha, na baadhi ya walimu wake mashuhuri wakahama na kuanzisha chuo kingine Indianapolis mwaka 1926. Aliyewafundisha watu kusitawi alijaribu kusitawi juu ya migongo yao, na nyumba yake mwenyewe ikapata ufa.

Uingereza nako kuna funzo. Mwaka 2008 mwandishi wa sayansi Simon Singh aliandika katika gazeti la The Guardian akikosoa madai kwamba kairopraktiki yaweza kuwatibu watoto wachanga wenye msokoto wa tumbo, na maradhi mengine yasiyo ya mgongo. Chama cha matabibu hao kikamshitaki kwa kumharibia jina. Mwaka 2010, baada ya Mahakama ya Rufaa kumpa mwandishi nguvu, chama kiliondoa shitaka. Wakati shauri likiendelea, malalamiko mengi yalipelekwa kwenye baraza linalosimamia kazi hiyo, juu ya matangazo yenye madai yasiyothibitishwa, na matabibu wengi wakalazimika kuyafuta. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tangazo linaloahidi kila kitu humrudia aliyelitoa.

Waungwana wa kazi hiyo wameliona tatizo hili wenyewe. Mwaka 2017 Chama cha Kairopraktiki cha Marekani kiliwashauri wanachama wake wasipige picha za mgongo kwa mtu mwenye maumivu mapya ya mgongo katika majuma 6 ya kwanza, isipokuwa ziwepo dalili za hatari, na wasirudie picha kwa kisingizio cha kufuatilia maendeleo. Ushauri huo unapunguza mapato ya eksirei, lakini unaongeza heshima, na heshima ni mtaji ambao hauozi.

NAMNA YA KUWATAMBUA

Basi, tabibu kijana anayetafuta wa kumwongoza atamjuaje kocha mwema? Na amwulize maswali machache kabla ya kutia sahihi. Je, mkataba wako nikiuona haunifai naweza kuuacha baada ya muda gani? Je, utatazama kliniki yangu mwenyewe, au utanipa karatasi ile ile unayompa kila mtu? Je, miongoni mwa mambo unayopima, kuna kupona kwa mgonjwa? Na la mwisho: je, maneno unayonifundisha nimwambie mgonjwa, ningekubali mtu mwingine amwambie mama yangu? Kocha anayekasirikia swali la mwisho amekwisha kujibu.

Na wewe mgonjwa, popote utakapokutana na tabibu wa mgongo, awe wa kairopraktiki, wa viungo hospitalini au mkandaji wa mtaani, utamjuaje aliyefunzwa vizuri? Anakuuliza kabla ya kukugusa. Anakueleza kwa lugha unayoielewa. Anataja mara ngapi na anataja lini mtapima nafuu. Anakupa kazi ya kufanya nyumbani, kwa maana anayetaka upone hukupa pia siri ya kupona. Anakubali ukisema utakwenda kutafakari. Asiyekubali utafakari anauza, hatibu.

Lakini ziko dalili ambazo hazingojei kocha wala mkandaji. Maumivu ya mgongo yakifuatana na ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia mkojo au choo, au miguu kuishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo maumivu yakija pamoja na homa, au mwili kukonda bila sababu, au baada ya kuanguka au ajali, au kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, daktari amwone kwanza. Tabibu mwema wa mgongo atakwambia maneno haya haya, na atakusindikiza hadi mlangoni.

KIOO CHETU SOTE

Nimalizie nilikoanzia. Wengi wetu tuna ufundi ambao tuliufundishwa vema, na biashara ambayo hatukufundishwa kabisa. Fundi anashona gauni lisilo na dosari, lakini analitoa siku tatu baada ya harusi. Seremala anatengeneza kitanda cha kudumu miaka 30, lakini hajui kama bei aliyoitaja imerudisha hata gharama ya mbao. Wateja wakipungua, anasema kuna mkono wa mtu. Huenda upo, lakini aanze kwa kuutazama wa kwake.

Si lazima wa kukuongoza awe mtaalamu wa kulipwa. Anaweza kuwa fundi mzee aliyeacha kazi, mke au mume mwenye kichwa cha hesabu, au rafiki asiyeogopa kukukasirisha. Mkalishe dukani kwako siku nzima. Mpe daftari. Mwombe akuambie anachokiona, kisha unyamaze, usijitetee. Itauma, kama pingili inavyouma inapobonyezwa.

Hata hivyo akikushauri jambo la kuongeza mapato, jiulize swali moja kabla hujalifanya: je, fedha hii inakuja kwa sababu mteja amehudumiwa zaidi, au kwa sababu ametishwa zaidi? Tabibu wa Marekani na kinyozi wa mtaani kwetu wanalijibu swali hilo kwa moyo mmoja, na mteja, hata asipojua hesabu, hulijua jibu lake. Ndiye atakayerudi au asirudi.

Jumapili njema, na uketi wima unaposoma.